Ango Hana Kwao

Nilistaafu kazi ya ramani nikiwa na macho mazuri na mgongo mbaya, kwa hiyo vijana mnaponikuta kanisani nimekaa wima kama bikoni ya mpaka wa shamba msidhani ni majivuno. Ni pingili za mgongo. Miaka mingi ya kuinama juu ya meza ya kuchorea, na kabla ya hapo miaka ya kuburuta mnyororo wa kupimia kwenye matuta ya ulezi, haikuniachia njia nyingine ya kukaa.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mtu wa umri wangu hutarajiwa aandike akiwa ametulia, amshukuru Mungu, awaombee heri, amalize. Namshukuru Mungu, na nawaombea heri kila asubuhi. Lakini nina hasira. Paroko wetu aliniambia nisishike kalamu nikiwa nimekasirika, nami nikamtii. Nilisubiri wiki tatu. Hasira haikuondoka. Imekaa nyumbani kwangu kama mgeni aliyeona kuku anakamatwa. Basi nitaandika nayo ikiwa hapo hapo.

Chanzo chake ni shimo moja lililoko mwezini.

Karibu na shamba langu, upande huu wa Kaengesa, kuna shule ya kata, na katika shule hiyo kuna mwalimu wa fizikia anayeitwa Edina. Ni binti mdogo, mwembamba, anatembea haraka kama mtu anayekimbia mvua. Alikuja kwangu siku moja mchana, nikiwa naanika mahindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Karibu. Mbona una makaratasi mengi hivyo kama mtu wa sensa?"

"Babu, nimeambiwa ulikuwa mchora ramani."

"Nilikuwa. Sasa nachora mistari ya kuku kupita."

"Nataka unichoree mwezi."

Nilicheka, naye akacheka, lakini hakuwa anatania. Shule ilikuwa imepata chumba cha sayansi, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa mweupe, mtupu. Alitaka ramani ya mwezi iujaze ukuta ule, milima yake, nyanda zake nyeusi, na yale mashimo yaliyochimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani, ambayo vitabu vya shule vinayaita kreta. Chini ya ramani alitaka orodha ya majina na asili ya kila jina. Alikuwa amechapisha yote mjini Sumbawanga, kwenye duka la kutoa nakala, na akaitafsiri orodha kwa mkono wake, usiku kwa usiku.

Nilikubali papo hapo. Nilikuwa sijashika brashi ya herufi tangu nistaafu. Na nawaambieni ukweli, furaha niliyoipata ilikuwa ya mtoto. Nilipiga ukuta mistari ya mraba kwa penseli, nikahamisha mwezi mraba kwa mraba, kama tulivyokuwa tukihamisha ramani ya wilaya kutoka karatasi ndogo kwenda kubwa. Nikawafundisha wanafunzi waliokuja kutazama jinsi ya kuandika jina kwenye ramani: usianze na herufi ya kwanza, anza na ya katikati, kisha nenda kushoto na kulia, la sivyo jina litaishiwa nafasi na utaonekana mjinga kwa miaka hamsini. Jina la maji lilaze kidogo. Jina la mlima lisimamishe. Ukikosea usifute kwa kidole. Walicheka hapo, kwa sababu kidole changu kilikuwa cheusi tayari.

Nilipofika kwenye orodha nilianza kusoma asili za majina, nikawa nashukuru kila mstari. Mashimo makubwa yamepewa wasomi wa nyota, wanahesabu, wanafalsafa. Kila mmoja na nchi yake na kazi yake. Mengi ya majina hayo ya zamani yalitolewa na padri mmoja wa Italia aliyetazama mwezi kwa darubini, na nilipolisoma hilo nilisimamisha kazi nikapiga ishara ya msalaba. Wako hata watakatifu wa Alexandria ya kale, nao wamepewa mashimo makubwa mazuri. Nikasema moyoni, Bwana, umenipa uzee wa kuandika majina ya watu hawa ukutani kwa shule ya watoto wa Ufipa, nikupe nini?

Kisha nikafika kwenye mashimo madogo.

Haya madogo yalipata majina baadaye, wakati picha za mwezi zilipokuwa kali na wachora ramani wakahitaji kila kitu kiwe na la kuitwa. Hayakupewa wasomi. Yalipewa majina ya kawaida ya watu, ya nchi mbalimbali. Si vibaya. Hata mimi ningefanya hivyo. Kwenye uwanda mmoja mweusi, juu upande wa kushoto wa ramani, kuna kundi la namna hiyo, yamekaa karibu karibu kama nyumba za ndugu. Moja linaitwa Natasha. Orodha inasema: jina la kike la Kirusi. La pili Jehan: jina la kike la Kituruki. La tatu Akis: jina la kike la Kigiriki. Na la nne, ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja na akarudi kula chakula cha mchana, linaitwa Ango.

Ango: jina la kiume la Kiafrika.

Niliweka brashi chini. Nikageuza karatasi nione kama maelezo yanaendelea nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

Vijana, Urusi ni nchi. Uturuki ni nchi. Ugiriki ni nchi, tena si kubwa. Kwetu wakaandika bara zima. La Kiafrika! Kutoka Muze bondeni hadi Kipili ziwani tu, mtu anayekwenda kwa miguu atasalimiwa kwa lugha zaidi ya moja, na kila moja ina majina yake, na kila jina lina sababu: huyu alizaliwa siku ya mvua ya mawe, huyu amerithi la babu aliyejenga ukoo, huyu alizaliwa baada ya mama kupoteza watoto wawili. Sisi Wafipa wenyewe ukisikia jina la mtu unajua pa kuanzia kumuuliza habari za nyumbani. Sasa huyu Ango nimuulize habari za wapi? Za Cairo? Za Cape Town? Hana kabila, hana nchi, hana mto. Walimpa shimo, wakamnyima kwao.

Nilimwita Mwalimu Edina.

"Mwalimu, ulipotafsiri, hapa uliruka mstari?"

Akaangalia. "Hapana babu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hakuna zaidi?"

"Nilitafuta sana. Hakuna zaidi." Kisha akakunja pembe ya karatasi kwa namna ambayo mtu aliyelea mabinti wanne anaitambua. "Babu, kuna jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Miezi kadhaa nyuma, alipokuwa akifundisha habari za mwezi, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, Skolastika, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na letu liko wapi?" Edina akawaonyesha Ango. Darasa likauliza, Ango ni nani? Naye, kwa kuwapenda, akashindwa kuwaambia kwamba si mtu yeyote. Akawaambia Ango alikuwa mtazama nyota wa Kiafrika wa zamani, aliyewahesabia wakulima siku za mvua kwa kuangalia mwezi, na wazungu waliposikia sifa zake wakampa shimo. Darasa likapiga makofi. Mkuu wa shule akasikia, akafurahi kuliko wote. Akaagiza itungwe ngonjera ya Ango, na Skolastika ndiye awe Ango, avae mgolole, aiseme mbele ya mgeni rasmi siku ya kufungua chumba cha sayansi.

"Siku ipi?" nikauliza.

"Ijumaa hii."

Hapo ndipo nilipokasirika mara ya pili, na mara hii hasira ilikuwa na mtu mbele yake.

"Mwalimu wa fizikia," nikamwambia, "umewafundisha watoto kumheshimu mtu uliyemtengeneza mwenyewe jikoni kwako!"

Akainamisha kichwa. Sikumwonea huruma wakati ule. Huruma ilikuja baadaye, nilipokumbuka kwamba mimi ni wa mwisho kabisa mwenye haki ya kumpigia kelele. Ngoja niwaeleze kwa nini, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Katika ofisi yetu ya upimaji, kabla ramani haijachapwa, mtu mmoja alitumwa uwandani kukusanya majina ya vijito, vilima, mabonde na vijiji. Kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipewa daftari lenye safu tatu: jina, aliyelitaja, asili ya jina. Mkubwa wetu wa ofisi alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko amri kumi: safu isibaki wazi. Ukirudi na safu tupu unarudishwa uwandani, tena kwa miguu.

Kazi hiyo ina ufundi wake, na aliyenifundisha ni Mzee Sadiki, mshika mnyororo wetu mkongwe, mtu wa mjini Sumbawanga kutoka ukoo wa wenye maduka, aliyechagua kutembea porini kwa sababu, alisema, dukani hakuna upepo. Alinifundisha nisiulize jina la mto mbele ya mwenyekiti, kwa sababu watu watataja analolitaka mwenyekiti. Muulize mwanamke aliyebeba maji, kwa kuwa yeye analitumia jina hilo kila siku. Uliza ng'ambo zote mbili. Uliza watu wawili wasiopendana. Wakikubaliana, andika kwa wino. Na usitoe karatasi mapema. "Mfipa akiona karatasi," Sadiki alisema, "anafikiri ni shamba lake unalihamisha." Mimi Mfipa nilimjibu kwamba mtu wa duka akiona karatasi anafikiri ni deni. Tulisali tofauti, yeye akitandaza mkeka wake na mimi nikihesabu rozari, lakini ugali tulikula sahani moja.

Basi msimu mmoja wa mvua tulikuwa tukishuka ukingo wa uwanda kuelekea Muze. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Palikuwa na kijito kimoja kilichobaki bila jina katika daftari langu, na watu wa hapo walikuwa mashambani upande wa pili wa korongo. Kuwafikia kulihitaji nusu siku kushuka na nusu siku kupanda. Viatu vyangu vilikuwa vimefumuka. Kambini kwetu kulikuwa na mbwa wa mlinzi, mbwa mwekundu mwenye sikio moja, akiitwa Kachinga. Alikuwa amelala chini ya turubai akinitazama. Nikaandika katika safu ya kwanza: Kachinga. Katika safu ya pili nikaandika: wazee wa eneo. Katika safu ya tatu, ili isibaki wazi, nikaandika: jina la mtemi wa zamani.

Nilimwonyesha Sadiki nikidhani atacheka. Alicheka kweli, akashika mbavu. "Laurenti, umempa mbwa mto mzima, na mimi mwenye wake wawili sijapewa hata kisima!" Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Kafute." Nikasema nitafuta tukifika ofisini. Sikufuta. Ramani ikachapwa.

Miaka ikapita. Siku moja mwanamke mmoja mzee aliingia ofisini kwetu, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini. Aliitwa Felista. Alikuwa amepanda kutoka bondeni kwa miguu, siku mbili, akalala kwa binamu njiani. Hakukaa alipokaribishwa.

"Nani aliyeandika kwamba kijito chetu ni cha mtemi?"

Nikasema ni mimi.

"Mtemi yupi?"

Nikainamia daftari langu.

"Mjukuu wangu amerudi kutoka shule anaimba habari za mtemi Kachinga, jinsi alivyopigana na simba. Nimezaliwa pale. Hakuna mtemi. Kile kijito ni Nakalinda. Ni mama wa mama yangu. Mwaka wa njaa yeye ndiye aliyefukua chemchemi kwa mikono, watu wakanywa. Wewe ulimuuliza nani?"

Ulimuuliza nani. Nimeungama mengi katika maisha yangu na nikapewa maondoleo, lakini swali lile bado linanikera masikioni ninapopiga magoti. Niliandika barua ya kusahihisha. Mkubwa akasema ramani zimeshasambazwa. Niliandika tena, na tena. Mpaka leo simu zenu hizi zenye ramani, zinazowaonyesha njia hata ya kwenda chooni, ukizifungua pale zinasema Kachinga. Simba yule aliyepigana na mtemi nilimzaa mimi, kwa sababu ya viatu vilivyofumuka.

Sasa mnaelewa kwa nini niliposoma ule mstari wa Ango nilimtambua aliyeuandika. Simjui jina wala sura, lakini namjua kama mwenzangu wa ofisi. Alikuwa na safu ya tatu isiyotakiwa kubaki wazi. Alikuwa na jina alilolipata sijui wapi. Kumtafuta Mwafrika wa kumuuliza kulikuwa korongo la kushuka na kupanda. Akaandika neno moja linalofunika bara zima, akaenda kunywa chai. Simtukani. Nimekasirika naye kama ninavyojikasirikia, na huko ndiko kukasirika kubaya zaidi, kwa sababu huwezi kuondoka ukamwacha mtu huyo.

Haya yote nilimweleza Mwalimu Edina pale pale mbele ya ukuta, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwa yule mbwa alitaka kucheka, akajizuia. Nilipofika kwa Bibi Felista akafuta macho.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkuu wa shule. Ni mtu mchangamfu, suti yake ina vifungo vitatu na anavifunga vyote.

"Mzee wetu! Kazi safi sana. Bado hapo kwa Ango tu, eeh? Andika: mtaalamu wa nyota wa Kiafrika."

"Siandiki hivyo, mwalimu mkuu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli."

Akacheka. "Mzee wangu, jamani. Nani atakwenda mwezini kuuliza?"

"Hakuna haja ya kwenda mwezini. Muulize huyu hapa."

Alimtazama Edina. Edina akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kukatika: "Nilimtunga mimi, mkuu."

Uso wa mkuu ukabadilika. Lakini haukubadilika jinsi nilivyotegemea. Hakukasirikia uongo. Alikasirikia kuambiwa. "Mwalimu, ratiba imeshachapwa. Mgeni rasmi ameshapelekewa ngonjera. Watoto wanafurahi, wazazi wanafurahi. Kwani ubaya uko wapi wa watoto kuwa na mtu wao?"

Nikasimama, na mgongo wangu si wa kusimama haraka. "Ubaya ni kwamba si mtu wao. Wale waliwanyima mtu, na wewe unawapa kinyago ili wasitambue kwamba wamenyimwa. Nani kati yenu amewaibia zaidi?"

"Mzee, heshima yako. Nitamleta mchora mabango wa mjini amalizie."

"Mlete. Ila mwambie aanze na herufi ya katikati."

Akatoka. Sikuwa mpole, najua. Jioni nilimwomba Mungu anisamehe ukali wa mdomo, lakini maneno yenyewe sikuomba kuyarudisha.

Kwa Edina jambo halikuwa la maneno. Yeye bado alikuwa katika muda wa majaribio, hajathibitishwa kazini, na anayeandika ripoti yake ni yule yule mwenye vifungo vitatu. Nilimwambia wazi: "Mwanangu, mimi nina pensheni na jembe. Wewe una kazi ya kupoteza. Sikulazimishi." Akaniambia, "Babu, wewe uliandika barua za kusahihisha ukiwa umechelewa. Mimi bado nina siku nne."

Siku iliyofuata alisimama mbele ya kidato cha pili. Nilikuwepo, nyuma, nikijifanya kusafisha brashi. Hakuzunguka. Akasema: "Ile habari ya Ango niliyowafundisha, niliitunga. Orodha inasema ni jina la kiume la Kiafrika, basi. Ango si mtu. Nilikosea, na nawaomba radhi."

Kisha kutoka nyuma mmoja akasema, "Ah, mwalimu naye!" na wengine wakacheka. Skolastika hakucheka. Alisimama.

"Mwalimu, mimi nilishamwambia bibi."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba kuna mtu wetu mwezini. Kila jioni anatoka nje anaangalia. Anafurahi."

Kama kuna adhabu ya uongo, ni hiyo. Viboko ni afadhali. Edina alishika meza. Akasema, "Nitakwenda kumwambia mimi mwenyewe." Na alikwenda, siku ile ile baada ya vipindi, na mimi nikamsindikiza kwa sababu njia inapita kwangu.

Bibi yake Skolastika tulimkuta anapura maharage. Alisikiliza huku mkono hausimami. Edina alipomaliza, bibi akapumzisha fimbo.

"Kwa hiyo waliandika jina letu na hawakuuliza ni la nani."

"Ndiyo bibi."

"Na wewe ukawaongopea watoto ili wasijue hawakuulizwa."

"Ndiyo bibi."

"Sasa nani alikwambia hatuwezi kulijua hilo?" Akaokota fimbo. "Mjukuu wangu alimzika baba yake akiwa na miaka sita. Analijua gumu kuliko hilo. Kaa, unisaidie kupura, halafu utakwenda."

Walipura. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha ukuta, mwenye mgongo mbaya.

Mchora mabango wa mjini hakutokea. Nilisikia alikuwa na kazi ya lori la mtu. Alhamisi, mkuu akiwa mjini kufuatilia viti, Edina akaniambia nimalizie ukuta. Nikamuuliza niandike nini. Akasema wanafunzi wameshakubaliana, akanipa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa Skolastika. Niliandika kama ilivyo, kwa rangi nyeusi, herufi za ukubwa ule ule wa majirani zake:

Ango: jina la kiume la Kiafrika. La watu gani, haikuandikwa. Hatukuulizwa.

Ijumaa mgeni rasmi alikuja, akakata utepe, akaingia. Ngonjera haikusomwa. Mkuu alikuwa ameliona lile neno asubuhi, ikawa hakuna muda wa kupaka chokaa ikakauka, basi akasimama mbele yake akiliziba kwa mgongo wake, vifungo vyote vimefungwa, akitabasamu. Lakini mgeni alikuwa na karatasi ya ngonjera mkononi, na ni mtu wa kusoma.

"Huyu Ango yuko wapi?"

Mkuu ikabidi asogee.

Mgeni akavaa miwani, akasoma polepole. Akasoma na ya Natasha, na ya Jehan, na ya Akis. Akarudi kwa Ango. "Nani ameandika hivi?"

Nilifungua mdomo, lakini Skolastika aliwahi. "Sisi, mheshimiwa."

"Kwenye karatasi hii mlisema alikuwa mtaalamu wa nyota."

"Haikuwa kweli, mheshimiwa. Mwalimu wetu alitusahihishia."

Mgeni alimtazama mtoto, akautazama ukuta, akasema "Mh." Hilo tu. Kisha akaenda kwenye pilau na soda pamoja na wengine. Msidhani watu wakubwa hupiga makofi kila ukweli unaposemwa. Lakini nilimwona akikunja ile karatasi ya ngonjera mara nne na kuiacha juu ya dirisha.

Jumatatu Edina alipewa barua ya kujieleza: kwa nini alibadilisha ratiba iliyoidhinishwa na kuidhalilisha shule. Siku saba kujibu. Hapo hasira yangu ilijaa mpaka nikashindwa kula. Alipotunga uongo alipigiwa makofi. Alipousahihisha kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watoto na mbele ya bibi anayepura maharage, akapewa barua. Vijana, mkiingia kazini mtakutana na jambo hili, msilishangae. Mtaambiwa mjaze safu. Mtasifiwa kwa kuijaza. Siku mtakayosema "sikumuuliza mtu", ndiyo mtakayoitwa ofisini. Semeni hivyo hivyo.

Alikuja kwangu na majibu yake, akitaka niyasome kabla hajayapeleka. Nilitegemea kurasa tatu za kuomba msamaha. Ilikuwa mistari minne. Niliwafundisha wanafunzi jambo nililolitunga. Niliposhauriwa nililisahihisha mbele yao na kwa bibi wa mmoja wao. Kwa kulifundisha naomba radhi. Kwa kulisahihisha siombi.

"Babu, nitoe huo mstari wa mwisho?"

Niliisoma kama nilivyokuwa nikisoma ramani kabla ya kwenda kuchapwa, neno kwa neno, kidole chini ya kila herufi. Hakikuwepo kitu kisichojulikana nani alikitaja.

"Usitoe."

Hajajibiwa bado. Anaendelea kufundisha, na mimi namtolea sala ya asubuhi na ya jioni, na hasira yangu sijaiungama kwa sababu sijaona bado kama ni dhambi. Siku ile alikaa kwenye meza yangu ya zamani ya kuchorea, nikampa kalamu yangu yenye wino mzuri, akatia sahihi. Chini ya sahihi akaandika jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, na ingawa barua haikumdai aseme alipotoka, akaongeza mstari mmoja: wa Kipili, Nkasi.